Mfumo Ni Wako, Funguo Ziko kwa Nani?

Leo nazungumza hasa na wewe mwenye biashara uliyechoka na daftari. Mzigo unatoka stoo na haujulikani umekwenda kwa nani, madeni yako kwenye vikaratasi vilivyobanwa chini ya kikokotoo, na kila mwisho wa mwezi unagombana na karani juu ya hesabu ambayo hata wewe mwenyewe huna hakika nayo. Sasa umeamua. Unataka mfumo wa kompyuta, tena utengenezwe kwa ajili ya biashara yako tu. Ofisini huna wa kuutengeneza, kwa hiyo utatafuta kampuni ya nje.

Si uamuzi mbaya. Ila wengi huingia humo kwa njia ileile: wanaita kampuni tatu, wanatazama maonyesho matatu, wanaweka bei tatu mezani, wanachukua ya katikati. Ya chini wanaiogopa, ya juu hawaimudu. Bei, ndugu yangu, katika biashara hii ndiyo inayokuambia machache kuliko vyote. Swali litakalokuokoa ni jingine, na wauzaji hawalipendi: siku tukiachana, nitaondoka na nini mkononi?

Tutalifikia. Kwanza hakikisha kwamba kweli unahitaji kutengenezewa. Mishahara, vitabu vya hesabu, risiti za TRA, hayo yana programu zilizokwisha kutengenezwa, zimesumbuliwa na kurekebishwa na watumiaji wengi kabla yako, na malipo yake ni ya mwezi kwa mwezi. Makato ya NSSF hayajali kama unauza simenti au vitenge. Kumlipa mtu akuandikie upya programu ya mishahara ni kutupa pesa, na kampuni itakayokwambia hivyo waziwazi, ikajinyima kazi, iandike jina lake mahali. Kutengenezewa kuna maana pale ambapo biashara yako inakwenda kwa namna isiyopatikana kwenye programu za kununua, na namna hiyo ndiyo inayokulisha.

Tuchukue duka la jumla la vipuri vya pikipiki, pale Kariakoo. Mzigo unaingia kwa katoni kutoka China. Mteja wa Mbagala anataka dazani mbili za plagi. Fundi wa mtaa wa pili anataka plagi moja. Mteja wa Lubumbashi anataka katoni arobaini, zifungwe vizuri, zipelekwe kwa wasafirishaji kabla ya saa kumi. Plagi ni ileile, bei ni tatu, na hesabu ya stoo lazima ibaki moja. Halafu kuna mali kauli. Mteja wa miaka yote anabeba mzigo leo bila kutoa hata senti, anakwenda kuuza, analeta pesa kidogo kidogo kwa simu, na usipotoka wote anarudisha uliobaki. Je, mzigo ule umeuzwa au bado ni wako? Ukirudi nusu, unarudi kwa bei ya siku uliyotoka au kwa bei ya leo, baada ya dola kupanda? Na pesa aliyotuma jana usiku bila maelezo ni ya mzigo upi?

Mwenye duka ana majibu yote kichwani. Karani wake naye anayo, ingawa pengine si yaleyale, na hapo ndipo ugomvi wa mwisho wa mwezi unapotokea. Programu iliyoandikwa kwa maduka ya Ulaya haijui lolote kuhusu mambo haya. Yenyewe inataka kila kinachotoka kiwe na ankara na tarehe ya kulipa.

Sasa hapo kampuni inapimika. Waeleze habari ya mali kauli, kisha nyamaza uwatazame. Kampuni inayojua kazi itaanza kukuuliza maswali hadi uchoke: mteja akifariki je, mzigo ukiharibika mikononi mwake je, nani dukani ana ruhusa ya kutoa kauli na mwisho shilingi ngapi? Ile nyingine itasema, "Hilo dogo, mzee, tutaweka." Jihadhari sana na kampuni ambayo kila kitu kwake ni kidogo katika kikao cha kwanza. Ama haijakuelewa, ama imekwisha kukuelewa wewe kuliko biashara yako.

Ukiona wanauliza vizuri, waombe jambo moja zaidi. Wamlete yule atakayeiandika programu, asimame kaunta siku nzima ya mzigo kuingia. Na siku hiyo uilipie, usiwaombe bure. Ushauri wa bure utakurudia kwenye bei. Aone umeme unavyokatika katikati ya mauzo. Aone karani anavyomhudumia mteja mmoja huku akimjibu wa pili, simu ya wa tatu iko begani. Mtu aliyeona hayo hataweka kurasa saba za kubonyeza ili kuuza plagi moja. Asiyeona ataziweka, na zitapendeza sana kwenye onyesho, na wiki ya pili utamkuta karani karudia daftari lake. Mifumo mingi ya biashara hufa hivyo. Haiharibiki, inaachwa tu, huku malipo yake yakiwa yameshatoka.

Nimesema yule atakayeiandika, kwa sababu anayekuja kukuuzia mara nyingi siye. Yeye ana suti, yeye ndiye mwenye maneno, na ukishasaini hutamwona tena mpaka wakati wa kuongeza mkataba. Kazi yenyewe inaweza kwenda kwa kijana wa mwaka wa tatu chuoni, au kwa kampuni nyingine kabisa iliyo nchi nyingine. Sisemi vijana wa chuo hawawezi, wapo wanaowashinda walimu wao. Nasema ujue ni nani. Kuhusu kampuni za mfukoni sitapoteza muda: usajili wake unaangaliwa BRELA, na kama haupo, mazungumzo yameisha.

Kisha wapigie simu wateja wao wa zamani, na usiishie kwa wale watatu waliokupa namba zao. Tafuta wa miaka mitatu au minne iliyopita. Mteja wa mwezi jana bado yuko fungate, atawasifu. Wa miaka minne ndiye anayejua wanapokea simu saa ngapi, na kama hitilafu inachukua siku moja au robo mwaka. Ukimpata aliyewaacha, huyo ndiye dhahabu. Muulize aliondokaje.

Sasa tuje kwenye makubaliano ya kazi yenyewe, na hapa nitakupeleka mbali kidogo, Marekani. Mwaka 2016 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz iliipa kampuni ya Accenture kazi ya kuitengenezea upya tovuti yake na programu za simu. Hizi si kampuni za mfukoni, zote mbili ni majina makubwa duniani. Kazi ilitakiwa ianze kutumika Desemba 2017. Ikasogezwa Januari, ikasogezwa Aprili, na haikutumika. Aprili 2019 Hertz ikaenda mahakamani New York, ikidai kwamba ilikuwa imekwisha kulipa zaidi ya dola milioni 32. Accenture iliyakana madai hayo, na mimi si hakimu wao. Ninachotaka usikie ni jambo dogo lililomo katika hati ya madai. Hertz ilisema ilitaka kurasa zijipange zenyewe kulingana na kioo cha mtumiaji: kidogo cha simu, kikubwa cha kompyuta, na cha kati cha tableti. Ile sura ya kati, kwa maelezo yake, haikutengenezwa, na ilipodaiwa, ikaambiwa iongeze mamia ya maelfu ya dola.

Yaani pande mbili zenye wanasheria wa kila aina, zimefika kuvutana juu ya ukubwa wa kioo. Wewe na duka lako mtavutana juu ya nini? Mtavutana juu ya mali kauli. Wao watasema haikuwemo, wewe utasema tulizungumza, na waraka utasema "mfumo wa kusimamia mauzo na stoo", basi. Ukikubali bei moja ya kazi nzima, kila utakachokumbuka baadaye kitaitwa nyongeza. Ukikubali kulipa kwa siku za kazi, hutajua itaisha lini. Kati ya hizo mbili mimi nachagua njia ya vipande: waanze na stoo peke yake. Waimalize, karani aitumie mwezi mzima kwa mzigo wa kweli, ndipo ulipe sehemu hiyo. Usilipe kwa kuambiwa "tumemaliza asilimia themanini." Programu iliyofika asilimia themanini haiuzi plagi hata moja. Wakishindwa kwenye stoo, umepoteza kidogo na umejua mapema. Wakiweza, endeleeni na mauzo, kisha madeni.

Na wewe nawe usiwe mzigo kwao. Weka mtu mmoja upande wako mwenye kauli ya mwisho, anayeijua kazi, si mwanao aliyerudi likizo kwa sababu tu anajua kompyuta. Kampuni nyingi nzuri zimeharibiwa na mteja ambaye mume anasema hivi asubuhi, mke anasema vile jioni, na meneja anakubaliana na wote wawili.

Lipo jambo ambalo sijawahi kumsikia mfanyabiashara akiliuliza kwenye kikao cha kuchagua kampuni, nami naliona ni kubwa kuliko bei na kuliko muda. Nani, baada ya mfumo kuanza kazi, ataweza kuingia na kubadilisha kumbukumbu? Na akiingia, alama itabaki?

Waulize Waingereza. Shirika lao la Posta lilifungiwa mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon kuanzia mwaka 1999, uliotengenezwa na kampuni ya nje, ICL, iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Ofisi ndogo za posta vijijini huko huendeshwa na watu binafsi, mara nyingi dukani mwao, kwa mkataba ambao wakati huo uliwataka wafidie upungufu wa hesabu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu. Bibi mmoja, Jo Hamilton, aliyekuwa na duka na posta katika kijiji cha South Warnborough, aliona pauni elfu mbili hazipo. Akapiga simu ya msaada. Akaelekezwa abonyeze hiki na kile, akabonyeza, na palepale mbele ya macho yake pengo likawa pauni elfu nne. Alilipa, akakopa akalipa, na mwisho akafikishwa mahakamani. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani katika mkumbo huo, wengine wakafungwa. Wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo.

Kwa miaka mingi Posta ilishikilia kwamba hakuna anayeweza kugusa hesabu za ofisi kutoka mbali. Haikuwa kweli. Wafanyakazi wa Fujitsu waliweza. Mahakama Kuu ya huko ilitamka mwaka 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta mapengo hayo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Rudi sasa Kariakoo. Mfumo wako mpya unasema stoo imepungua katoni sita, na aliyekuwa zamu ni karani yuleyule uliyemwajiri akiwa kijana mdogo. Utamwamini nani? Kabla ya kumwita mwizi, unatakiwa uwe na uwezo wa kufungua kumbukumbu na kuona kila badiliko: nani, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi, ikiwa ni pamoja na watu wa kampuni yenyewe wanapoingia kurekebisha. Iandike hiyo kwenye mahitaji ya mwanzo kabisa. Kampuni ikikuambia "mfumo wetu haukosei," wasindikize hadi mlangoni.

Nimeahidi kurudi kwenye swali la kuachana, na mfano wake mzuri tunao nyumbani. M-Pesa, msikilizaji, ambayo pengine umeitumia leo asubuhi kununua umeme, ilianza kama programu iliyotengenezwa na kampuni ya nje. Vodafone ya Uingereza ilikuwa na wazo, ikaipa kazi kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Wakaijaribu Kenya mwaka 2005, na lengo la mwanzo lilikuwa mikopo midogo: mteja apokee na kurejesha mkopo kwa simu. Watu wa majaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, mambo ambayo waandishi wa mfumo hawakuyapanga. Wenyewe wakawa wepesi, wakabadili mwelekeo, na Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaja Tanzania.

Baadaye kazi ya kuuendesha mfumo ikatoka Sagentia ikaenda IBM mwaka 2009. Mwaka 2015 ikahamia kwenye mfumo mpya wa Huawei, na seva zilizokuwa Ujerumani zikaletwa Kenya. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom wakainunua chapa yenyewe pamoja na kazi ya kuuendeleza mfumo kutoka Vodafone. Watengenezaji walibadilika, na mama ntilie aliendelea kupokea pesa zake. Iliwezekana kwa sababu aliyeagiza kazi alibaki na haki mkononi, hakuwa mpangaji kwenye nyumba ya fundi.

Duka lako linahitaji haki ileile, kwa kiasi chake. Kwa sheria za kimataifa, programu ya kompyuta inalindwa kama maandishi, sawa na kitabu. Mwenye kitabu ni nani, wewe uliyelipa au yeye aliyeandika? Nchi hazifanani. Uingereza, fundi wa nje hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi. Kenya, sheria inaielekeza kwa aliyeagiza kazi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo usiiachie sheria ikuamulie: andikeni kwenye mkataba kwamba kila kilichoandikwa kwa ajili yako ni chako ukishalipa, na vile vipande vya jumla ambavyo kampuni inavitumia kwa wateja wote, una ruhusa ya kudumu kuvitumia bila kuomba tena.

Karatasi peke yake haitoshi, maana hukumu ya mahakama haiwashi seva. Msimbo wa programu uhifadhiwe tangu siku ya kwanza kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya biashara yako, wao ndio waalikwe humo, usiwe wewe mgeni kwao. Seva ilipiwe kwa kadi yako. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kampuni yako. Programu ya simu iwekwe Google Play kwa akaunti yako. Na mara moja kwa mwaka mlipe fundi mwingine, asiyehusika na hao wa kwanza, achukue msimbo ule na nakala ya kumbukumbu, ajaribu kuusimamisha mfumo mahali papya bila kuwapigia simu. Akishindwa, umejua kwamba huna mfumo, una ahadi.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Majina na namba za simu za wateja wako ni taarifa binafsi. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kwa sheria hiyo wewe ni mkusanyaji, kampuni yako ya nje ni mchakataji. Taarifa zikivuja, usidhani utanyoosha kidole kwao ukabaki salama. Waulize pia habari za tarehe 12 Mei 2024, siku nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo karani ataendelea kuuza, au atakaa akitazama duara linalozunguka kwenye kioo? Kwa duka, mfumo usioweza kuuza bila intaneti mimi sitaununua hata kwa nusu bei.

Na matengenezo yawe na bei yake tangu mwanzo. Kila Juni bajeti inasomwa, kila tarehe 1 Julai kuna kodi iliyobadilika, na mfumo wako unatakiwa ubadilike asubuhi hiyohiyo. Kampuni isiyokutajia gharama hiyo leo haijaisahau, itakutajia mwishoni mwa Juni, wakati huna pa kwenda.

Ninyi mnaonisikiliza ambao tayari mna mfumo, nina ombi moja. Kesho asubuhi, kabla hamjafungua duka, ulizeni jina la tovuti yenu limesajiliwa kwa nani, na neno la siri la seva analo nani. Kama jibu ni kijana aliyeacha kazi mwaka juzi, mtafuteni kesho hiyohiyo, mkiwa bado mnapatana na akiwa bado anapokea simu zenu.